Futi Kumi na Mbili

Mwitu wetu una urefu wa hatua sitini.
Unaanzia mlango wa bohari ya mbao,
unakomea pale gari la kahawa linapoegesha.
Migomba ni turubai. Mto ni bomba la zimamoto.
Tembo ni wa Bara Hindi, tena ajuza;
kila asubuhi hubandikwa masikio ya ngozi bandia
ili watoto wa Ohio wamwone wa Afrika.
Nyoka zamani alikuwa wa mpira.
Mpira umekwenda vitani,
basi tuna nyoka wa gunia, kashindiliwa unga wa mbao,
na akilowa huvimba kama mwenye safura.

Mimi siingii humo. Mimi ni mkasi.
Chumba changu hakina dirisha: taa, gundi,
glavu nyeupe za pamba, pipa la vipande vilivyokataliwa.
Ya nje hunifikia yakiwa yamekwisha kufa
nami huyapanga yafufuke.

Lucius Broussard ndiye mfalme wa kabila lisilo na jina.
Mwongozaji kamwambia, "Sema chochote cha kishenzi."
Lucius, aliyetandika behewa za kulala miaka kumi na mmoja,
akainua mkuki wake wa bati, akakunja uso,
akavitaja vituo vya reli toka Los Angeles hadi New Orleans
kinyumenyume.
Nilicheka peke yangu gizani hadi gundi ikakauka.
Sikukata hata silabi.

Kazi yenyewe ni hii.
Jumamosi, mwisho wa sehemu ya saba,
daraja la kamba linakatika, binti anaporomoka
kwa mamba, wale wale niliowatumia mara tisa,
na maandishi yanajaa ukutani: Je, atapona?
Wiki ya pili nachomeka futi kumi na mbili.
Sekunde nane.
Kumbe kabla daraja halijakatika
alikwisha kudaka mtambaazi uliokuwa ukining'inia pembeni.
Uongo mtupu. Wiki iliyopita hapakuwa na mtambaazi.
"Shangazi," aliniuliza Dwayne, miaka minane, "mbona mnatudanganya?"
Na Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kwenye foleni,
senti kumi zake zimelowa jasho kiganjani.

Baba yake, kaka yangu Delbert, aliandika kutoka Bugenvili:
Huku majani hayana upande wa nyuma.
Ukifunua jani kuna jani. Mvua hunyesha
kama vile hakuna mtu anayelipia maji.
Mwambie bosi wako mwitu hauna ngoma.
Uko kimya, na kimya hicho kina macho.

Telegramu ilifika Alhamisi, tukila maharage ya kopo.
Haikusema amekufa.
Ilisema hajulikani alipo.
Iva aliisoma, akaipindua, akatazama nyuma yake
kama kwamba sentensi imekatwa vibaya.
Dwayne ndiye aliyeendelea kula.
Akamweleza mama yake polepole, kifundi,
kijiko kikionyesha hewani lilipo daraja:
"Hawajatuonyesha yote, Mama.
Kuna kitu alikishika kabla."
Iva akanitazama mimi.

Ijumaa nilirudi kazini. Ningefanya nini?
Sehemu ya kumi na mbili ilikuwa inasubiri maporomoko ya mawe.
Jioni, wengine walipoondoka, nilichokoa pipani
nikapata kipande cha mwitu kilichopigwa kwa bahati mbaya,
mpiga picha alisahau kuzima mashine
wakati waigizaji wamekwenda kula.
Turubai, migomba, feni ikipepea majani.
Nimekipima: futi kumi na mbili, zimepungua vidole vitatu.
Nimekipitisha mbele, nikakirudisha nyuma,
nikakipitisha tena taratibu, picha moja moja,
nikitazama pembeni kwa kushoto
palipo na pengo kati ya jani na jani.